Kifungo

Deni la suruali mbili na kaptula
Kitsao alinilipa kwa mtoto wa mbwa.
"Mama yake mkali," alisema, "huyu utanishukuru,"
akamweka kizingitini, akaivuka barabara ya Lamu asigeuke.

Nikamwita Kifungo, kwa ile pua:
nyeusi, mviringo, kama kitu kilichong'oka kotini.
Maana ya pili ya jina sikuifikiria
hadi nilipomtoa sindano mdomoni
nikajua kwa fundi mtoto haachwi sakafuni.

Kreti mbili za mikate, moja imeifunika nyingine,
nikazishona kwa waya wa kuanikia.
Mshono mzuri. Hata yeye aliukagua kwa ulimi.

Yakabaki maji.

Msinicheke. Nimemshonea gauni bi arusi mwenye mabega yasiyolingana,
nimeigeuza suti ya marehemu ikamkaa mjukuu,
lakini kumnywesha kiumbe wa kilo mbili
bila kuoga yeye, mimi na vitambaa vya watu,
kulinishinda wiki tatu.

Sufuria: aliingia na miguu yote minne,
akasimama humo kama mtu aliyefika ufukweni.
Kopo la majarini, nimetia jiwe lisipinduke:
alilitoa jiwe, akalala nalo. Maji yakaenda zake.
Chupa nikaitoboa kizibo, nikaining'iniza kichwa chini:
ikadondoka usiku kucha, tone, tone,
na huku mabomba yamekauka tangu Jumapili,
mtungi wa mkokoteni shilingi hamsini.
Nilisikiliza kitandani
kama mtu anayesikia sarafu zake zikiibiwa moja moja.

Halafu ile satini.
Nyeupe, mita sita, ya binti wa Maweni,
nimeikunja chini ya meza nikiona ndipo salama.
Maji yalitambaa bila kelele,
yakaacha doa lenye umbo la kisiwa.

Kesho yake, naisema kwa aibu, sikumpa kitu.
Nilijiambia: mpaka pindo liishe.
Bati lilikuwa linalia kwa jua.
Nikakanyaga pedali, nikakanyaga,
jasho likanishuka muundini hadi kifundoni,
hapo nikahisi kitu laini, kikavu,
kimepenya tundu la kreti.
Alikuwa akilamba jasho langu.
Hakubweka. Alilamba tu, kwa adabu,
kana kwamba yeye ndiye mwenye kosa.

Mguu ukasimama. Cherehani ikanyamaza.
Nilimnywesha kwa kiganja, nusu ikanimwagikia mapajani,
na sikuifuta.

Jibu lilikuja na Nyevu, binti yangu, akitoka shule,
barafu ya ukwaju inamchuruzika hadi kiwikoni
(jina ni la bibi yake; sikujua atalitimiza hivi).
Alichuchumaa penye kreti, akatazama, akasema,
"Mama, kwa nini unampa maji yanayokimbia?
Mpe yaliyokaa."

Mama Luvuno, jirani, ana friji.
Kila jioni nampelekea kopo, maji robo tu,
alfajiri analirudisha limeganda, limetoka jasho.
Nalifunga waya pembeni mwa kreti,
juu kidogo, usawa wa kidevu chake.
Hakuna cha kumwaga. Kuna cha kulamba.
Inayeyuka kidogo, anakunywa kidogo,
na mimi nashona nikisikia ulimi wake kwenye bati,
kama sindano ya pili.
Saa sita namfungulia, tunatoka nyuma ya kibanda cha mkaa,
anafanya yake, anarudi mwenyewe.
Kidevu bado hukilowesha. Nimemtandikia taulo kuukuu.

Doa la satini halikutoka.
Nililifunika kwa ua la kitambaa kilekile, petali saba.
Binti wa Maweni alijigeuza kiooni, akaligusa:
"Hili sikuliagiza. Lakini limekaa. Nani kakufundisha?"

Nikatazama chini ya meza.
"Kifungo," nikamwambia.

Akaanza kuvihesabu vya mgongoni, kimoja kimoja.